Kale Isiyo na Magofu

Mwanafunzi wa Nairobi akitakiwa na mwalimu wake ataje mahali pa historia katika Kenya, jibu huwa liko ulimini mwake kabla swali halijakwisha. Atataja Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno katika Mombasa baina ya mwaka 1593 na 1596. Atataja magofu ya Gedi yaliyo msituni karibu na Malindi, na nguzo ya Vasco da Gama iliyo ufukweni. Akiwa msomaji hodari ataongeza mji wa kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mwalimu atamtilia alama ya sahihi, na alama hiyo ni haki yake. Walakini jibu hilo, msomaji wangu, hunitia mashaka kila nilisikiapo.

Mashaka yangu hayahusu sifa ya mahali hapo, maana sifa wanayo na wanastahili. Yahusu mazoea ambayo jibu hilo huyalea: mazoea ya kudhani kwamba kale ni jiwe, kwamba kale iko mbali, na kwamba kale haina wenyewe wanaoweza kuulizwa wakajibu. Mwanafunzi akaaye Kibera au Kawangware hupanda gari la shule, akasafiri kilometa karibu 480 kwenda kutazama ukuta wa Wareno. Kisha hurudi nyumbani kwa kupita mahali ambapo dola ya Kenya ilifinyangwa ingali udongo mbichi, wala asigeuze shingo. Tena, na hili lina kichekesho chake, Kibera kwenyewe kuna mtaa uitwao Fort Jesus. Utingo wa matatu hulinadi jina hilo tangu alfajiri hadi usiku, na sidhani kama wako abiria wengi wajiulizao ngome ya Wareno imefikaje bara.

Insha hii, basi, ni uhakiki wa namna tunavyochagua mambo ya kukumbuka. Nimechukua mitaa miwili kuwa mizani yake, Kibera na Kawangware, kwa sababu historia ya mitaa hiyo inakutana kwa mtu mmoja na katika muda usiotimia mwaka mmoja. Nami ni mara chache nimeona ikisomwa pamoja.

Tuanze Kawangware, maana ndiko mambo yalikotangulia. Jina la mahali hapa, kama wanavyolieleza Wakikuyu, linamtaja ngware, ndege ambaye watu wa pwani humwita kwale. Leo hapana kwale. Pana maduka, vibanda, mabati na umati wa watu waendao kazini kwa miguu. Lakini jina limebaki likitoa ushahidi kwamba hapa palikuwa na majani na mashamba. Nchi hii ni sehemu ya Dagoretti, iliyokuwa mpakani mwa Wakikuyu na Wamasai, na misafara iliyotoka pwani ilisimama huko kununua vyakula kabla ya kushuka Bonde la Ufa. Mwezi wa Oktoba 1890 alifika Dagoretti Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, naye yu njiani kwenda Uganda. Waiyaki wa Hinga, mkuu wa Wakikuyu wa upande huo, alimpokea. Wakachanjiana damu wakawa ndugu, na mgeni akapewa mahali pa kujenga boma.

Yaliyofuata yalikuwa ya kuhuzunisha. Lugard alipokwisha kwenda zake, watu aliowaacha bomani waliishiwa chakula wakaanza kuchukua cha wenyeji kwa nguvu. Mwaka 1891 boma lilihamwa, na Wakikuyu wakalichoma. Kampuni ikajenga ngome nyingine, Fort Smith, katika Kabete. Mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki aliingia ngomeni humo, ugomvi ukatokea, akajeruhiwa kichwani, akafungwa, kisha akaondolewa chini ya ulinzi apelekwe pwani. Pwani hakuiona. Alifia njiani, Kibwezi.

Hapa nakuomba usimame kidogo, kwa kuwa somo la historia lina mtego wake. Maandishi ya maofisa wa Kampuni yanasema Waiyaki alikufa kwa jeraha na ugonjwa. Masimulizi ya Wakikuyu yanasema alizikwa yu hai, kichwa chini. Msomaji mvivu atachagua moja na kulitupa la pili: huyu atasema karatasi haisemi uongo, na yule atasema mababu hawasemi uongo. Mimi naona kila ushahidi uulizwe swali linaloufaa. Karatasi iulizwe ni nani aliyeiandika, na alikuwa na faida gani kuandika hivyo. Masimulizi yaulizwe yamehifadhi nini ambacho karatasi haikukijali. Nayo yatajibu kwamba yamehifadhi uchungu wa watu waliomwona ndugu wa kiapo akitendwa kama mwizi. Yote mawili ni mali ya historia. Leo iko barabara kubwa yenye jina la Waiyaki, ipitayo Kangemi, si mbali na Kawangware, ambayo magari huipita mbio kuelekea magharibi. Barabara ni heshima. Lakini barabara haielezi kitu.

Sasa mfuate Lugard katika safari yake, maana ndiyo itakayotufikisha Kibera. Mwezi wa Septemba 1891, muda wa miezi kumi na mmoja baada ya kiapo cha Dagoretti, alifika Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Huko alikuta mabaki ya jeshi lililosahauliwa. Walikuwa askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria kwa niaba ya serikali ya Misri. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa watu wa Mahdi mwaka 1885, jimbo lilikatika na bahari na dunia. Stanley alikuja kumchukua Emin, na mwisho wa mwaka 1889 Emin akafika Bagamoyo. Askari wengi wakabaki nyuma na wake zao, watoto wao na silaha zao, chini ya mkubwa wao Selim Bey. Asili yao ilikuwa makabila mengi ya Sudan, kusini kwake hasa, nao waliunganishwa na utumishi, dini ya Kiislamu, na lugha yao iliyozaliwa na Kiarabu ambayo leo huitwa Kinubi.

Lugard alitaka askari, na hawa walikuwa askari wasio na bwana. Walakini Selim Bey hakuwa mtu wa kununuliwa kwa maneno matamu. Alisema yeye ni mtumishi wa Khedive wa Misri, na hawezi kuingia chini ya bendera nyingine bila ruhusa yake. Mapatano yakafanywa kwa sharti hilo, na maelfu ya watu, askari pamoja na jamaa zao na wafuasi wao, wakashuka kuelekea Uganda. Mwaka 1893 Selim Bey alituhumiwa na maofisa wapya kwamba anakula njama na Waislamu wa Buganda. Akakamatwa hali ni mgonjwa, akatiwa njiani apelekwe pwani, na kama Waiyaki mwaka mmoja kabla yake, akafa kabla ya kufika.

Hebu yaweke mambo haya mawili pamoja. Mtu mmoja alipana mkono na Lugard katika Dagoretti. Wa pili alipana naye mkono kule Kavalli. Wote wawili walikamatwa na watu wa upande ule ule waliopatana nao, na wote wawili walifia katika njia ya kwenda pwani. Wajukuu wa watu wa yule wa kwanza wako Kawangware na pembeni mwake. Wajukuu wa watu wa yule wa pili wako Kibera. Mitaa hiyo imetenganishwa na Barabara ya Ngong na mwendo mfupi wa miguu. Mimi sijui magofu yawezayo kumweleza kijana wa Kenya jinsi dola yake ilivyoingia nchini kwa uwazi kuliko ujirani huo.

Naongeza neno moja juu ya vitabu, kwa kuwa huu ni uhakiki. Mikutano yote miwili tunaisoma zaidi katika kitabu cha Lugard mwenyewe, cha majuzuu mawili, kilichochapwa mwaka 1893, mwaka ule ule wa kufa kwa Selim Bey. Ni kitabu chenye faida, na mwandishi wake alikuwa na macho makali. Lakini alikuwa mshitakiwa, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja, naye alikiandika wakati alipotaka Waingereza wasiiache Uganda. Waiyaki hakuandika. Selim Bey hakuacha kitabu. Ndiyo sababu mahali walipobakia watu wao pana thamani ya maktaba, na mwenye kupuuza mahali hapo huwa amekubali kusikiliza upande mmoja tu wa kesi.

Kibera ilikuja baada ya mateso mengine. Askari hao wa Sudan walifanywa mkono wa Kampuni, na kisha mkono wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1897, wakiwa wamechoshwa na safari zisizo mwisho, mishahara midogo na ya kucheleweshwa, na amri ya kwenda mbali bila jamaa zao, baadhi yao waliasi huko Eldama Ravine, na vita vikali vikapiganwa Busoga. Mwaka 1902 vikosi vya nchi hizi viliunganishwa vikawa King's African Rifles, jeshi ambalo babu zetu walilitamka Keya. Msitu uliokuwa pembeni mwa Nairobi ukawa uwanja wa mazoezi ya Keya tangu mwaka 1904 hivi, na askari waliomaliza utumishi wao wakaruhusiwa kujenga na kulima humo. Kwa lugha yao mahali hapo pakaitwa Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 nchi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ukubwa wake ekari 4,197.

Ningekuwa mwandishi wa sifa tupu, ningeishia hapo na kuwaita mashujaa. Lakini ukweli una pande mbili, na nisipokuonyesha wa pili nitakuwa nimekudhulumu. Keya ndiyo iliyotumwa juu ya Wanandi katika vita vya mwaka 1905 na 1906, na ofisa wake ndiye aliyemuua Koitalel arap Samoei mwezi wa Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani. Mafunzo yaliyofanywa chini ya miti ya Kibera hayakuwa ya gwaride peke yake. Baadhi ya nchi tulizonyang'anywa zilinyang'anywa kwa bunduki zilizoshikwa na mikono myeusi. Mtu apendaye historia ya taifa iwe kitambaa cheupe asiende Kibera. Na kwa kweli asiende popote. Askari yule alikuwa chombo cha dhuluma, na baadaye akawa mwenye kudhulumiwa, naye ni mtu yule yule mmoja.

Dhuluma yake ilianza kimyakimya. Mwaka 1928 mambo mawili yalitokea Nairobi. La kwanza, sanamu ya shaba ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita ya 1914 hadi 1918 ilizinduliwa katikati ya mji, katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, na maneno ya kuwaheshimu yakachongwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. La pili, Kibera iliondolewa mikononi mwa jeshi ikatiwa chini ya watawala wa kiraia, ambao walikuwa na hamu ya kuihamisha. Askari wa shaba alipewa mahali pa kusimama milele, na askari wa nyama na damu akaanza kuulizwa cheti cha kukaa. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoteuliwa mwaka 1932 na kutoa ripoti yake mwaka 1934, iliona kwamba watu wa Kibera ni wapangaji wakaao kwa hiari ya serikali, ingawa ilikiri kwamba serikali ina wajibu kwao. Haki ikageuzwa kuwa hisani. Na tofauti ya haki na hisani, msomaji, ni kwamba hisani huweza kuchoka.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 mwelekeo haukubadilika sana. Mitaa ya nyumba za kisasa ilijengwa juu ya mashamba ya wazee, na watu kutoka kila pembe ya Kenya wakaja kupanga vyumba. Wanubi wenyewe waliambiwa kwa miaka mingi kwamba hawana kabila nchini. Kijana wao alipotaka kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati kuchunguzwa asili yake, ijapokuwa babu wa babu yake alizikwa Nairobi. Shauri hilo lilifika mbele ya Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki za Mtoto, na mwezi wa Machi 2011 kamati hiyo ikaamua kwamba Kenya imewavunjia haki watoto wa Kinubi kwa kutowapa uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2013 jina la kale likarudi katika karatasi za serikali, jimbo la uchaguzi lilipoitwa Kibra. Mwaka 2017 jamii hiyo ikapewa hati ya ardhi ya ekari 288. Piga hesabu mwenyewe: kutoka ekari 4,197 hadi 288.

Sasa umeona kwa nini nasema kwamba kuchagua mambo ya kukumbuka si mchezo wa wastaafu. Watu wa Kibera walipoambiwa hawana historia, maana yake ilikuwa kwamba hawana ardhi. Ukumbusho ulikuwa ushahidi wao wa pekee: majina, makaburi, miembe iliyopandwa na wazee, na nyumba chache za zamani za Makina zenye baraza mbele. Gofu likisahauliwa huanguka ukuta. Mtaa ukisahauliwa huanguka watu.

Najua pingamizi itakayoletwa, nayo ni ya haki. Kibera si ya Wanubi peke yao. Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengine wamezaa na kuzika watoto wao humo, na hati ya 2017 iliwatia wengine wasiwasi. Je, mtu aliyekaa miaka hamsini katika chumba cha udongo hana historia kwa kuwa si wa kwanza? Anayo. Ndiyo sababu nataka mtaa usomwe kama unavyosomwa mwamba wa mlima, tabaka juu ya tabaka. Majina yanatoa msaada mkubwa katika kazi hii. Laini Saba huelezwa na wenyeji kwa habari za uwanja wa shabaha wa askari. Kisumu Ndogo inawataja watu waliofuata kazi kutoka ziwani. Soweto linatuonyesha wakati ambapo Waafrika wa huku waliisikia habari ya Afrika ya Kusini wakaifanya yao. Vilevile Kawangware ina Gatina na Kabiro, na ina mahali paitwapo Congo. Ukifika Lindi, usiulize njia tu. Uliza pia jina. Reli ipitayo katikati ya Kibera nayo ni tabaka: iliyong'olewa na watu wenye hasira katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ilikuwa reli ile ile iliyouzaa mji huu, ilipofika mahali pa Nairobi mwezi wa Mei 1899.

Nimesema habari za mahali. Nataka kusema kidogo juu ya mila, maana huko nako uchaguzi wetu una kasoro. Mwaka 1971 serikali ilianzisha Bomas of Kenya kule Langata, jirani ya Kibera, ili nyumba na ngoma za makabila zihifadhiwe na kuonyeshwa. Nia ilikuwa njema, na wachezaji wake walisifiwa kwa haki. Lakini ngoma iliyopangiwa saa na tikiti hujifunza kumpendeza mtazamaji, na mtazamaji hukaa kitini akipiga makofi. Linganisha na arusi ya Kinubi katika Kibera. Wanawake huvaa gurbaba, hupiga ngoma na kucheza doluka, na vyakula hufunikwa kwa tabaga, yale makawa ya ukindu yaliyosukwa kwa rangi nyingi. Hapana mtazamaji hapo. Bibi anayekosea hatua huchekwa na shangazi zake, na msichana anayeipata husifiwa. Hivyo ndivyo mila ifundishwavyo. Au nenda Kawangware siku ya msiba au ya harambee ya watu wa magharibi, uisikie isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliitia mwaka 2014 katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Wataalamu wanaitafuta Kakamega, na ni sawa waitafute huko. Lakini kijana wa Kawangware aibebaye begani kutoka nyumba ya msiba hadi barabarani, gari la maiti likisubiri, anafanya kazi ya kuiokoa bila kuambiwa na mtu.

Linalonisumbua zaidi ni mizani ya heshima. Kule Karen iko nyumba ya mkulima wa kahawa Karen Blixen, aliyelima huko tangu mwaka 1917 hadi 1931; nyumba hiyo ilifanywa makumbusho mwaka 1986, nayo yatunzwa vizuri, na bustani yake yapendeza. Sina kinyongo nayo. Mtu aliandika kitabu kikapendwa, na nyumba ikaokoka. Ila najiuliza kwa nini miaka 14 ya mkulima mmoja aliyeshindwa na kahawa imepata kibao, tikiti na mwelezaji, na miaka zaidi ya 100 ya askari wa Kibera haijapata yote hayo. Hata kwa habari ya kahawa yenyewe, mapadre wa Kifaransa wa misheni ya St. Austin, iliyoanzishwa mwaka 1899 mahali ambapo leo ni Lavington, mlangoni mwa Kawangware, waliilima kabla ya Karen Blixen kuiona Afrika. Wageni huja Kibera pia, naam, na kamera. Lakini wao huja kutazama umaskini, na umaskini ukitazamwa peke yake hauna babu wala tarehe; huonekana kama mvua, kitu kilichoanguka tu kutoka juu.

Wala sheria haiwezi kulaumiwa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu mahali pa umri wowote patangazwe kuwa kumbukumbu ya taifa, ikiwa pana maana katika historia au utamaduni. Haidai mawe ya matumbawe. Haidai miaka mia tano. Kilichopungua ni jicho la kutazama, na jicho hilo hutiwa uvivu darasani, siku ile mwanafunzi alipotaja Fort Jesus akapewa alama yake na swali likafungwa.

Kama swali hilo limefunguka kwako, siku moja ya likizo chukua daftari uende Makina asubuhi, jua likiwa bado jepesi. Wasalimu wazee kwa adabu, ukae barazani kama ukikaribishwa, wala usiulize habari za serikali kwanza. Uliza nani alipanda mti ule, na nani amelala katika makaburi ya Waislamu ya Kibera. Andika wanayokuambia, na andika pia wanayobishania, kwa kuwa ubishi wa wazee wawili una faida kuliko usemi wa mmoja. Kisha toka uvuke Barabara ya Ngong, ufike Dagoretti Corner, ushike Barabara ya Naivasha mpaka Kawangware. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu asiyekimbia. Utakuwa umetoka kwa watu wa Selim Bey ukafika kwa watu wa Waiyaki, na huenda viatu vyako viwe na vumbi la mitaa yote miwili. Ukifika sokoni, mtafute mama au mzee wa umri, umwulize kama aliwahi kumwona ngware mahali pale, na ni wapi alipomwona.